Kukuza kwanza, kushtua baadaye: jinsi ya kupata kivumbasi na mrehani wenye dawa nyingi ukiwa Dodoma

Huku kwetu karibu kila nyumba ina kivumbasi nyuma ya choo au mrehani kwenye ndoo iliyopasuka, na siku hizi kuna watu wameanza kulima kibiashara kabisa, wanakausha wanauza majani ya chai, wengine wanakamua mafuta. Malalamiko ni yale yale, mbona mafuta yanatoka kidogo, mbona ya jirani yana harufu kali kuliko yangu. Na ushauri unaotolewa ni ule ule pia: ongeza yurea. Sasa yurea, hiyo mbolea ya naitrojeni, ndo inayoharibu kazi, ntaeleza.

Kwanza uelewe kinachotokea ndani ya mmea, maana ukielewa hapa hatua zote zinakuja zenyewe. Yale mafuta ya kivumbasi, ile rosmariniki asidi ya mrehani, ule uchungu wa mwarobaini, mmea haujavitengeneza kwa ajili ya mafua yako wewe. Ni silaha zake. Unazuia wadudu, fangasi, mbuzi wa jirani na jua. Mmea ukiwa umeshiba maji na naitrojeni na hakuna anayeusumbua, nguvu zake unazipeleka kwenye majani mapana ya kijani na silaha unatengeneza za kutosha tu. Ukisumbuliwa mambo yanabadilika: ukitafunwa na kiwavi au ukikatwa inapanda homoni inaitwa jasmonati, ukivamiwa na vijidudu vya magonjwa inapanda salisiliki asidi, ukikaukiwa maji inapanda absisiki asidi. Hizo homoni ndo zinazowasha jeni za kutengeneza kemikali za kujilinda. Kwa hiyo wataalamu wakagundua unaweza kuupa mmea homoni yenyewe, au ukaupa kichokozi, yaani kitu kinachoufanya uamini kwamba adui kafika wakati hajafika.

Hii sio hadithi ya vijiweni. Mwaka 1990 Edward Farmer na Clarence Ryan kule Marekani walionyesha kwamba mvuke wa methili jasmonati peke yake, hewani tu, unatosha kuufanya mnyanya uanze kutengeneza protini za kuzuia wadudu, na walipoweka matawi ya kichaka kimoja cha jamii ya artemisia kwenye chombo kimoja na mnyanya, mnyanya nao ukaanza kujihami. Baadaye watu wa maabara wakaitumia jasmonati hiyo hiyo kwenye seli za mti wa taxus ili zitoe paklitaxeli nyingi zaidi, ile dawa ya saratani.

Ila kuna kanuni moja usiisahau mpaka mwisho: mmea unaojihami haukui vizuri. Nguvu ni zile zile, zikienda huku hazipo kule. Ukiushtua ungali mdogo utapata majani machache yenye dawa kali, ukipiga hesabu ya jumla umepata hasara. Kwa hiyo unaukuza kwanza mpaka uwe na mwili, halafu unaushtua siku za mwisho kabla ya kuvuna. Hiyo ndo siri yote, kinachobaki ni vipimo.

HATUA YA 1: Mama mzuri

Hakuna kitu cha kupulizia kitakachogeuza kivumbasi dhaifu kiwe kikali. Vivumbasi viwili ukiviangalia kwa macho ni sawa kabisa lakini kimoja kina eujenoli nyingi, ile ile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, kingine kina thimoli, na hiyo ni ya kuzaliwa nayo. Tofauti ya mmea na mmea mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti utakayoipata kwa vichokozi vya Hatua ya 4 kama aspirini au hamira. Kwa hiyo zunguka, Nzuguni, Mpunguzi, Mvumi, popote ulipo na ndugu, sugua jani nusa, omba kitawi cha ule uliokushinda nguvu. Chukua vipando, usichukue mbegu, maana mbegu inachanganya damu na watoto hawatafanana na mama. Kipando cha urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, kitatoa mizizi. Mrehani nao unakubali hata kwenye glasi ya maji.

HATUA YA 2: Udongo

Samadi ya mbuzi iliyoiva vizuri, basi. Yurea nyingi inakupa majani makubwa laini yanayopendeza picha lakini yamejaa maji. Ukiona mmea umekuwa wa njano kabisa, weka yurea kidogo mwanzoni, ila wiki tatu nne za mwisho kabla ya kuvuna usiguse naitrojeni.

Acha na nafasi kati ya mche na mche, kama sentimita 40 hivi kwa kivumbasi, jua lifike majani ya chini.

HATUA YA 3: Kuukuza kwa maji ya mlonge

Hapa sisi watu wa kanda ya kati tuna bahati, mlonge upo kila kona. Majani machanga ya mlonge yana zeatini, hii ni homoni ya kundi la sitokinini, kazi yake kugawanya seli, kuleta machipukizi mapya na kuchelewesha jani kuzeeka. Watu wa pwani wangeweza kutumia dafu, maji ya dafu yana sitokinini pia na maabara za kukuza tishu wanayatumia miaka mingi, ila bei ya dafu ikishafika Dodoma unaijua mwenyewe.

Chukua majani na vichomozo vichanga vya mlonge, vile laini vya juu. Twanga kwenye kinu na maji kidogo sana, kamua kwa kitambaa safi, chuja tena ili bomba lisizibe. Kikombe kimoja cha mililita 200 changanya na lita 6 za maji, yaani moja kwa thelathini. Tone chache za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili yashike kwenye jani. Pulizia siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache, yakilala yanachacha na homoni inaharibika. Kama umekamua mengi weka kwenye friza kwenye vifuko vidogo.

Anza wiki ya pili baada ya miche kushika, rudia kila wiki mbili. Na wakati huo huo kata vikonyo vya juu mmea ukifika sentimita 20 hivi ili utoe matawi mengi pembeni, kwenye mmea wa majani kila tawi ni hela.

HATUA YA 4: Mshtuko

Sasa hapa ndo penyewe na ndo pa kutulia. Anza siku kama kumi kabla ya tarehe ya kuvuna, na tarehe yenyewe ni pale maua ya kwanza yanapoanza kutokeza. Chagua kichokozi KIMOJA, usichanganye vyote ukidhani nguvu zitajumlishwa. Jasmonati na salisiliki mara nyingi zinakandamizana ndani ya mmea, ukiziwasha pamoja unaweza kuishia sifuri.

Aspirini. Hii ndo rahisi kuliko zote na ipo duka la dawa la mtaani. Aspirini ni asetili salisiliki asidi, ikiingia kwenye maji na kwenye jani inavunjika inakuwa salisiliki asidi, homoni ile ile. Kipimo kinachofaa kuanzia ni nusu milimola kwa lita, ambayo kwa aspirini ni miligramu 90 kwa lita. Kwa lugha ya dukani: vidonge 3 vya miligramu 300 kwenye ndoo ya lita 10. Bomba la mgongoni la lita 16 weka vidonge 5. Kama umepata vile vidogo vya miligramu 75, ni 6 kwa lita 5. Chukua vidonge vya kawaida tu, vile vyenye ganda gumu la kupita tumboni bila kuyeyuka havifai kwa kazi hii. Saga kwa mgongo wa kijiko, yeyusha kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, chuja ile chokaa nyeupe inayobaki chini (sio dawa, ni kishikizo cha kidonge), mimina kwenye ndoo.

Halafu kitu ambacho hakuna anayekwambia: maji yetu. Visima vingi vya Dodoma maji yake ni magumu, unaona birika linavyoganda chokaa. Maji ya namna hiyo yanaipeleka asidi kwenye umbo ambalo haliingii vizuri kwenye jani. Kamulia ndimu au limao kidogo kwenye ndoo kabla ya kuweka aspirini, au tumia maji ya mvua kama ulikinga. Usimimine limao zima kwa kila lita nawe ukachoma majani, nusu kwa ndoo inatosha.

Pulizia jioni, saa kumi na moja hivi, jua limepoa na ule upepo wetu umetulia kidogo. Juu ya jani na chini ya jani mpaka yaanze kudondoka. Rudia mara moja tu baada ya siku tano sita, halafu vuna siku tatu nne baadaye. Usiseme ngoja niweke vidonge 10 ili ikolee, ukizidisha kingo za majani zinaungua na mmea unaanza kufa badala ya kujihami. Kichokozi ni kama kubisha hodi, ukivunja mlango hakuna wa kukufungulia.

Mtu atauliza, je nakunywa chai yenye aspirini? Mmea mmoja unashika kama mililita 50 za maji ya dawa, hiyo ni kama miligramu 4 na nusu kwa mmea mzima, na nyingi inabadilika. Ni kidogo. Ila kama familia yako au mteja wako ana aleji ya aspirini mwambie, au tumia hamira, na siku moja kabla ya kuvuna nyunyizia maji matupu kuosha majani. Na ukiwa na mnunuzi wa kilimo hai, aspirini ni kemikali ya kiwandani hata kama imetoka duka la dawa, muulize kabla hujapulizia, sio baada ya kukataliwa mzigo.

Hamira. Hamira ni fangasi, ukuta wa seli zake una sukari ambazo mmea unazitambua kama dalili ya kuvamiwa. Chukua hamira kavu ya maandazi, pakiti ya gramu 10 kwa lita 2 hadi 3 za maji, koroga, CHEMSHA dakika 20 mpaka 30 ili seli zipasuke na zife. Hamira hai isiyochemshwa inachacha kwenye bomba na inakuachia utando kwenye majani. Ipoe, chuja kwa kitambaa, pulizia kwa ratiba ile ile ya aspirini. Mimi kwa mtu anayeanza na anayelima majani ya kunywa ningemwambia aanzie hapa. Matokeo yanaweza kuwa ya wastani lakini hakuna cha kuogopa.

Kitosani. Inatengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, unga mweupe. Kwenye maduka ya pembejeo huku kuipata ni kubahatisha, labda uagize Dar. Haiyeyuki kwenye maji matupu. Siki nyeupe sehemu 1 na maji sehemu 4, mililita 100 za mchanganyiko huo zinayeyusha gramu 1, koroga iache ilale, asubuhi ongeza maji mpaka lita 5 au hata 10. Faida yake nyingine inazuia magonjwa ya fangasi.

Methili jasmonati yenyewe ndo mfalme, kwenye mrehani imeonyesha kupandisha rosmariniki asidi na eujenoli kwa kipimo cha nusu milimola, ila inauzwa kwa wauza kemikali za maabara, bei yake kwa chupa ndogo utakaa chini, na inataka spiriti ya maabara kuiyeyusha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma mwenye mradi sawa, mkulima wa robo eka achana nayo. Kuna njia ya bure ya kuupa mmea jasmonati yake mwenyewe, nayo ni kuujeruhi kidogo: siku mbili tatu kabla ya kuvuna pita unakata ncha za matawi hapa na pale. Kidonda ndo kinachoiamsha.

Halafu kuna maandiko utakutana nayo mtandaoni yanasema chumvi za shaba, za kadimiamu na za fedha nazo ni vichokozi. Ni kweli zinachokoza. Lakini wewe unalima kitu cha kunywa. Najua wenye mashamba ya zabibu wana mrututu ndani, ambao ni chumvi ya shaba, uache huko huko ulipo, usije ukaupulizia kwenye majani ya chai.

HATUA YA 5: Maji na jua

Dodoma tunapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na karibu zote zinakuja kati ya Desemba na Aprili, miezi mingine unamwagilia. Watu wanaona ni laana ila kwa kazi hii ni mtaji, kwa sababu wewe ndo unayeshika bomba. Wiki ya mwisho punguza maji nusu. Mmea ukisinyaa mchana na ukainuka jioni, hapo uko sawa. Ukiamka asubuhi bado umelala, umezidisha, mwagilia. Ukame wa wastani unapandisha kiasi cha mafuta kwa kila gramu ya jani, ukame mkali unakuachia vijiti.

Tuko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari na mawingu machache kiangazi, mionzi ya jua hapa ni mikali na mmea unatengeneza kemikali za kujikinga nayo. Sasa kama unakuzia chini ya neti ya kivuli au nailoni, ondoa wiki mbili za mwisho. Usiondoe saa sita mchana ghafla, majani yatababuka, anza jioni au siku ya mawingu. Kama unashtua kwa aspirini na wakati huo huo umenyima maji, pulizia kipimo cha chini, vidonge 2 kwa lita 10, maana mmea tayari una mawazo.

HATUA YA 6: Kuvuna na kukausha

Watu wanafanya yote haya halafu wanaanika majani juani kwenye bati. Yaani mafuta uliyoyahangaikia mwezi mzima unayapa upepo. Mafuta ya kivumbasi na mrehani yanakaa kwenye vifuko vidogo sana juu ya ngozi ya jani, ukiyaminya kwenye kiroba au ukiyachoma jua vinapasuka. Vuna asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Kata na kisu kikali, panga kwenye tenga bila kushindilia. Anika kivulini penye hewa, tabaka moja, joto lisizidi nyuzi 40. Kwa hewa kavu ya huku Agosti siku chache tu majani yanavunjika mkononi. Weka kwenye chombo kinachofunga, gizani.

HATUA YA 7: Pima, usiamini pua

Bila kulinganisha hujui chochote. Kila mara acha tuta moja hujalipulizia kichokozi, mama ule ule, siku ile ile, pulizia maji matupu tu. Kisha chukua uzito sawa wa majani makavu kutoka kila upande.

Kama unakamua mafuta kwa mvuke, vuta mafuta yanayoelea kwa sirinji ya duka la dawa usome mililita. Rahisi na ni kipimo cha kweli.

Kama huna mtambo, kuna njia ya vidonge vya kuongeza damu. Vile vya madini ya chuma, osha rangi ya nje, ponda kimoja kwenye nusu glasi ya maji, acha siku nzima wazi mpaka maji yawe na rangi ya kutu, chuja. Chemsha chai mbili, gramu 2 za majani kwa mililita 200, dakika 10 kila moja. Dondoshea matone sawa ya maji ya chuma. Chai itageuka kijani kilichokoza au nyeusi, hiyo ni fenoli zinashikana na chuma, kundi la akina rosmariniki asidi na tanini. Ile iliyokoza zaidi ongeza maji kidogo kidogo mpaka zifanane rangi, ukihesabu uliongeza kiasi gani unajua imezidi mara ngapi kwa makadirio. Usiinywe baada ya hapo. Na kipimo hiki hakionyeshi mafuta, kinaonyesha fenoli tu. Ukitaka namba za kumpa mnunuzi, peleka sampuli maabara.

Halafu zidisha. Kama tuta lililoshtuliwa limetoa mafuta zaidi kwa kila kilo lakini majani yamepungua nusu, hujapata kitu. Linganisha mafuta yote ya tuta zima kwa mafuta yote ya tuta zima.

Wenye zabibu mnaonisoma, kanuni ni ile ile kwenu. Zabibu nyekundu zinapoanza kubadilika rangi ndo muda wa kupunguza maji na kupulizia kitosani, mnachotafuta ni antosianini za rangi na resveratroli kwenye ganda, na kwa vile huku mnavuna mara mbili kwa mwaka mna nafasi ya kujaribu mstari mmoja msimu huu na kuona haraka. Waulizeni watafiti wa kilimo wa TARI Makutupora kabla ya kupulizia shamba zima, mnunuzi wa mvinyo ana masharti yake. Rozela hivyo hivyo, ile nyekundu yake ni antosianini.

Na jambo la kiafya: majani yaliyokolea sio yale uliyozoea. Aliyekuwa anaweka kiganja kizima kwenye sufuria aanze na nusu, wajawazito na watoto wadogo wasiongezewe kabisa. Wenye artemisia msije mkaipulizia mkaanza kuuzia watu chai ya malaria, Tu Youyou alipata Nobeli mwaka 2015 kwa kuitoa artemisinini kwenye mmea huo ikawa dawa yenye kipimo, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi majani yake kutibu malaria. Ukitaka kuandika kwenye pakiti kwamba majani yako yanatibu, nenda kwanza Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria ipo tangu 2002.

Ukishavuna usikate mpaka chini, acha kisiki cha sentimita 15 hadi 20 chenye majani machache. Rudisha maji kawaida, samadi kidogo, na maji ya mlonge baada ya machipukizi kutoka. Wiki nne za kwanza hakuna aspirini, hakuna hamira, hakuna kunyima maji, kivumbasi kikishtuliwa kabla hakijarudisha mwili kinatoa maua mapema na vijani vidogo na mavuno ya pili yanakuwa hayalipi hata nauli ya kupeleka Majengo sokoni.